Mashine inayopiga shoti uani: kisa cha nyumba moja ya Tanga

Bi mkubwa mmoja wa Chumbageni, Tanga, alinipigia simu akitaka nikamfungie soketi mbili tu. Hakunitajia shoti. Hilo nililiona mwenyewe nilipofika, maana mjukuu wake, wa miaka tisa hivi, alikuwa anataka kutoa nguo kwenye mashine ya kufulia uani, na kabla hajaugusa mlango wake alivaa ndala zilizowekwa pale pembeni makusudi. Nikamuuliza za nini. "Mashine inauma ukiwa peku," akanijibu, kwa sauti ile ile ambayo mtoto angekwambia jiko lina moto.

Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya ndala zile. Nyumba ikishafika mahali pa kuwa na viatu vya kugusia mashine, watu wake wameshauzoea umeme unaovuja, nao ndio hatari kuliko ule unaounguza fyuzi na kujitangaza.

Soketi zenyewe zilikuwa zimetoka Marekani, zimetumwa na kijana wake ndani ya furushi la nguo. Ni zile zenye vitufe viwili katikati, kimoja cha kujaribu na kimoja cha kurudishia. Nikazigeuza nyuma nikasoma: volti 120, ampia 15. Umeme wetu ni volti 230. Bodi ndogo iliyomo ndani yake imetengenezwa kwa karibu nusu ya umeme tulio nao, na matundu yake ni ya plagi bapa, hayapokei plagi zetu za pini tatu. Kuzifunga ingekuwa kumwekea mama huyu hatari nyingine ukutani. Nilimwomba tumpigie kijana simu ya video, nikamweleza, akaelewa mara moja. "Kaka, mimi nataka tu mama asije akadhurika," akasema.

Nia yake ilikuwa sahihi kabisa. Kifaa kile alikibuni Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1961, na kanuni za umeme za Marekani zikaanza kukidai hatua kwa hatua: soketi za nje katika toleo la 1971, za bafuni 1975, za jikoni 1987. Kule kinakata umeme ukivuja miliampia 4 hadi 6. Huku kwetu, tuliorithi soketi na taratibu za Uingereza, tunacho cha miliampia 30, na mafundi wote wanakiita RCD. Kinapatikana cha kufunga kwenye meni swichi, na kinapatikana kilichojengwa ndani ya soketi yenyewe ya ampia 13. Basi nikamwahidi kijana kwamba uani atapata soketi ya namna hiyo, ya volti zetu. Lakini kwanza nilitaka kujua mashine inauma kwa nini.

Fundi mwingine alishaitwa miezi kadhaa nyuma. Alichomeka testa ya bisibisi kwenye soketi ya uani, taa ikawaka upande mmoja na kuzima upande wa pili, akasema soketi nzima, ubovu uko kwenye mashine. Testa ya bisibisi ina kazi yake, ila haiwezi kukwambia kama ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ipo. Tundu la ethi lisilowasha taa linaweza kuwa limeunganishwa vizuri na ardhi, au waya wake umekatika hauendi popote. Kwa testa ile, hayo mawili hayana tofauti.

Mimi nilichomeka kijiti cha chuma kwenye udongo mbichi karibu na bomba, nikaweka ncha moja ya mita kwenye kijiti na nyingine kwenye skrubu ya nyuma ya mashine. Volti 108. Nikabadilisha mita iwe kwenye upimaji wenye mzigo mdogo, yaani mita yenyewe ivute umeme kidogo, ile namba ikaanguka hadi 6. Umeme wa aina hiyo ni hafifu. Ndani ya mashine za kisasa mna kichujio chenye kapasita mbili, moja kutoka fezi, waya unaoleta umeme, hadi bodi ya chuma na nyingine kutoka nyutro, waya unaourudisha, hadi hapo hapo. Kama ethi ni nzima, kiasi hicho kidogo kinashuka ardhini na huhisi kitu. Ethi ikikatika, bodi inabaki ikielea kwenye nusu ya volti za nyumba, na ukiigusa unatekenywa. Hadi hapo nilikuwa na jibu moja tu: ethi ya nyumba hii haipo.

Nilikuwa naanza kukusanya vifaa Bi mkubwa aliponiambia neno lililogeuza kazi yote. Alikuwa anapita kwenda jikoni kunitilia chai. "Lakini baba, haiumi sawa kila siku. Siku nyingine ni kama kutekenywa, siku nyingine inakurusha. Asubuhi ndiyo mbaya."

Nikamuuliza asubuhi kunakuwa na nini. Akafikiri. "Asubuhi nachemsha maji."

Nikamwomba alichomeke birika la umeme na kuliwasha, mimi nikabaki uani nimeikodolea mita. Namba ikapanda kutoka 108 hadi 224. Nikarudisha ule mzigo mdogo: safari hii haikuanguka, ilisimama kwenye 180. Nikamwita alichomoe. Ikarudi 108.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu ndiyo maana ya kisa hiki. Birika liko jikoni. Mashine iko uani, kwenye soketi nyingine. Kinachoziunganisha ni waya wa ethi. Nyaya za ethi za soketi zote hukutana kwenye meni swichi, na kutoka hapo waya mmoja unatakiwa uende kwenye ethi rodi, ile fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini. Waya huo wa mwisho ukikatika, vyombo vyote vya chuma vya nyumba vinabaki vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe bila kushika ardhi. Kimoja kikivuja, vyote vinakuwa na umeme. Na swichi ya soketi hukata fezi tu, haigusi ethi. Hata mashine ikizimwa, ingeuma kwa ubovu wa birika.

Nikalipima birika peke yake. Kati ya pini ya fezi na pini ya ethi nilipata omu 800 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), mahali ambapo chombo kizima kinatakiwa kionyeshe mamilioni. Elementi yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, karibu na inapoingilia kwenye kitako, na maji yalikuwa yameingia humo. Ukichukua mwili wa mtu kuwa omu 1,500, mtu aliyesimama peku kwenye sakafu mbichi akaishika mashine birika likiwa limewashwa angepitisha karibu miliampia 100. Miliampia 10 tu zinatosha kuufunga mkono usiweze kuachia. Miliampia 30 zikikaa sekunde chache, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Na breka ya ampia 20, swichi inayojikata umeme ukizidi, isingejua lolote, kwa sababu kwake miliampia 100 ni kitu kidogo kuliko balbu moja ya zamani. Kilichokuwa kinamwokoa mtoto ni ndala.

Sasa turudi kwenye soketi ya ulinzi. RCD ina pete ya chuma ndani, na fezi na nyutro hupita pamoja katikati ya pete hiyo. Umeme unaokwenda ukiwa sawa na unaorudi, pete inatulia. Ukitoka mwingi ukarudi pungufu, maana yake kiasi fulani kimepita njia nyingine, huenda kwenye mwili wa mtu, na tofauti hiyo inafyatua swichi. RCD ya miliampia 30 lazima ikate ndani ya sekunde 0.3 uvujaji ukifika hapo, na ukifika miliampia 150 ndani ya sekunde 0.04.

Tuseme ningefika, nikafunga soketi ya RCD uani kama nilivyoombwa, nikabonyeza kitufe cha kujaribu, ikakata vizuri, nikalipwa nikaondoka. Mtoto angeendelea kupigwa shoti. Umeme wa birika ulikuwa unakuja kwenye mashine kwa njia ya waya wa ethi, haupiti kwenye ile pete ya soketi ya uani, na soketi hata ikikata haikati ethi. Kitufe kingeendelea kuonyesha kwamba kila kitu kizima, maana kitufe kile kinajaribu kifaa chenyewe tu. Hakihitaji ethi ili kifanye kazi na hakikwambii kama ethi ipo. Nimeona nyumba nyingi ambazo kazi imeishia hapo, na mwenye nyumba ana uhakika amelindwa.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ulibadilika: ethi kwanza, meni swichi ya pili, soketi ya mwisho.

Nilifuata waya wa ethi ukutani hadi ulipozama chini nyuma ya jiko. Nikafukua. Rodi ilikuwepo. Klampu yake ilikuwa imekuwa unga wa kutu, nikaishika ikamomonyoka vidoleni, na waya ulikuwa umejilaza pembeni bila kushika kitu. Tanga hewa ina chumvi, na klampu ya chuma duni iliyopakwa rangi ya shaba haimalizi miaka mingi. Niliweka rodi mpya ya chuma kilichovikwa shaba, ya mita 1.2, na klampu ya shaba halisi, ndani ya kishimo chenye mfuniko ili siku nyingine mtu aweze kufunua na kuangalia bila jembe. Kwa mita ya ethi yenye vijiti viwili vya kusaidia nilipata omu 46. Nikaongeza rodi ya pili, umbali wa zaidi ya mita mbili kutoka ya kwanza, maana ukizibananisha zinagawana udongo ule ule na faida inapungua. Zikafika omu 21.

Ni ethi nzuri kwa nyumba, lakini tazama hesabu yake: volti 230 kwa omu 21 ni ampia 11. Fezi ikigusa bodi ya friji moja kwa moja, ampia 11 zitashuka ardhini na breka ya 20 haitakata. Itaziacha zipite siku nzima. Ndiyo sababu nyumba zinazotegemea rodi yake yenyewe, kama zilivyo nyingi kwetu, haziwezi kuachiwa breka peke yake. Ethi inaupa umeme njia, RCD inaona kwamba umeme umeshika njia hiyo na kuukata. Kimoja bila mwenzake ni nusu ya kazi.

Kwenye meni swichi niliweka RCD ya miliampia 100 yenye kuchelewa kidogo kwa nyumba nzima, na breka mbili za soketi, ya jikoni na ya vyumbani, nikazibadilisha kuwa breka zenye RCD ya miliampia 30 ndani yake. Ile kubwa inachelewa makusudi ili ndogo iwahi kukata, na hitilafu ya jikoni isizime taa za nyumba yote usiku. Uani nilivuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka yake mwenyewe ya ampia 20. Kazi hii ya meni swichi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na sehemu iliyo kabla ya hapo, mita ya LUKU ya kulipia kabla na nyaya zinazoingia humo, ni mali ya TANESCO, shirika la umeme, haifunguliwi na mtu mwingine.

Nilipowasha, breka ya vyumbani ikakata. Nikairudisha, ikakaa. Jioni Bi mkubwa akawasha taa ya barazani, ikakata tena. Hapa ndipo RCD nyingi za mtaani zinapouawa: fundi anasema "hiki kifaa kibovu, kinasumbua," anaunganisha waya juu kwa juu, nyumba inatulia. Mimi nilichomoa kila kitu vyumbani, nikawasha taa ya barazani peke yake, ikakata. Taa ni ya LED, wati 9, inavuta miliampia 40 na zaidi kidogo, na inatakiwa iwe kwenye laini ya taa, haina uhusiano na soketi za vyumbani. Nikafungua boksi la barazani. Fezi yake ilitoka kwenye laini ya taa, lakini nyutro ilikuwa imeazimwa kutoka kwenye soketi ya chumba cha mbele, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu siku hiyo. Breka ya vyumbani ilikuwa inaona umeme unarudi ambao haikuutoa, ikakata kama inavyotakiwa. Nikavuta nyutro yake sahihi, na haijakata kwa sababu hiyo tena. Ilinichukua saa mbili na nusu, na kwa maoni yangu zilikuwa saa muhimu kuliko za kufunga vifaa.

Ndipo tukafika kwenye soketi yenyewe.

Nilichagua ya ampia 13, miliampia 30, ndani ya boksi la kuzuia maji lenye alama ya IP66 na mfuniko unaofungika plagi ikiwa imechomekwa. Mfuniko unaofungika wakati soketi haitumiki tu haufai uani, kwa sababu mashine inafua mvua ikinyesha. Jambo la pili ni aina ya RCD. Mashine yake ina mota inayoendeshwa na elektroniki, kwa hiyo nilichukua aina A, inayoona pia uvujaji usio wa mawimbi kamili. Aina AC, iliyo rahisi zaidi dukani, inaweza isiuone. Jambo la tatu wauzaji wengi hawaliulizi: umeme ukikatika mtaani ukarudi, soketi itajirudisha au itasubiri kubonyezwa? Zipo za namna zote mbili. Ya kusubiri ni nzuri kwa msumeno au grainda, isije ikaanza kuzunguka mwenyewe. Ukiiweka kwa friji, umeme ukikatika usiku mkiwa mmesafiri mtakuta samaki wameoza. Kwa Bi mkubwa nilichukua ya kujirudisha, maana alishasema siku moja atahamishia pampu ya maji hapo.

Kabla ya kugusa waya nilizima meni swichi, nikaifunga kwa kufuli na kuweka ufunguo mfukoni, maana nyumba ina watoto na wapangaji. Kisha nikapima mara tatu: mita kwenye chanzo kilicho nje ya meni swichi hiyo, ninachojua kina umeme, ili nijue mita ni nzima, mita kwenye nyaya za uani, fezi na nyutro, fezi na ethi, nyutro na ethi, halafu tena kwenye chanzo kile chenye umeme. Kile kipimo cha mwisho watu wanakiruka. Betri ya mita inaweza kufa katikati, na mita iliyokufa inaonyesha sifuri kama waya usio na umeme.

Boksi nililipandisha hadi usawa wa kifua, mbali na bomba, na waya nikauingiza kwa chini kupitia glendi, kikazio kinachoubana waya usipitishe maji, ukining'inia kidogo kabla ya kuingia ili tone la maji lidondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani. Kahawia kwenye L, buluu kwenye N, kijani na njano kwenye E. Nyumba hii ina nyaya za zamani pia, nyekundu na nyeusi, kwa hiyo sikuiamini rangi, nilipima. Shaba nilizikunja mara mbili kabla ya kuziingiza, nikakaza skrubu, nikavuta kila waya kwa mkono. Mmoja ulitoka. Nikaukaza upya. Waya uliolegea hauonekani ukishafunika, na unaunguza soketi polepole kwa miezi.

Nikawasha na kupima. Kwa mita ya RCD, miliampia 15 hazikuikata, kama inavyotakiwa. Miliampia 30 ziliikata kwa milisekunde 24. Kati ya bodi ya mashine na kile kijiti changu cha udongoni, mita ilisoma chini ya volti 1. Birika nililikata plagi kabisa kabla ya kulitupa, kwa sababu birika zuri la chuma likiwekwa jalalani na waya wake, jioni liko kwenye nyumba nyingine.

Bi mkubwa nilimfundisha kitufe cha T, kile cha kujaribu: kila mara anaponunua umeme wa LUKU mwanzo wa mwezi, akishaingiza namba, abonyeze kile cha uani na vile vya kwenye meni swichi. Kisipokata, asitumie, anipigie. Na nikamwambia kikikata chenyewe asikirudishe hovyo, achomoe kwanza vilivyochomekwa, akirudishe, kisha achomeke kimoja kimoja hadi mwenye kosa ajulikane.

Wiki mbili baadaye alinipigia. Breka ya jikoni ilikuwa imekata. Alichomoa vyote kama nilivyomwelekeza, akakuta ni pasi aliyoazima kwa jirani. Nikamuuliza kama ilimrusha.

"Hapana baba, sikuhisi kitu. Nilisikia tu imelia 'ta' kule ukutani."

Nikamwomba anipe namba ya jirani.